Kutoka 16.4 hadi 4.9: kisa cha galaksi iliyodhaniwa kuwa ya mbali kuliko zote

Kwa miezi minane, kati ya Julai 2022 na Machi 2023, doa moja dogo katika picha za darubini ya James Webb lilikuwa na anwani mbili. Anwani ya kwanza ilikuwa ukingoni mwa ulimwengu tunaoweza kuuona, miaka milioni 235 hivi tu baada ya Mlipuko Mkuu. Ya pili ilikuwa enzi iliyokuja karibu miaka bilioni moja baadaye, ambapo galaksi tayari zilikuwa tele. Watafiti waliolishughulikia walikuwa mabingwa wa kazi yao, picha zilikuwa safi na hesabu hazikuwa na kosa. Hata hivyo jibu la kwanza halikuwa lenyewe.

Doa hilo limeandikishwa kwa namba CEERS-93316. Majina ya watu, timu na vyuo nimeyaondoa, kwa kuwa sina nia ya kumnyooshea mtu kidole. Namba ya galaksi nimeiacha, maana galaksi haina sifa ya kuchafuliwa.

Usuli

Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 na kupelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kioo chake cha mita 6.5 kimeunganishwa kwa vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, kwa sababu dhahabu huakisi vizuri mwanga wa infraredi, ule ulio mwekundu kupita uwezo wa jicho. Huo ndio mwanga tuliokuwa tukiukosa. Hubble, yenye kioo cha mita 2.4, uwezo wake unaishia kwenye mawimbi ya mikromita 1.7 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Galaksi ambayo mwanga wake wote umevutwa kupita hapo, kwa Hubble ni giza tupu.

Hilo neno "umevutwa" ndilo mzizi wa kisa chote, kwa hiyo tulisimamie kidogo. Ulimwengu unatanuka, na mwanga unaosafiri ndani yake hurefuka pamoja nao. Wanaastronomia hupima urefukaji huo kwa herufi z: urefu wa wimbi lilipotoka huzidishwa kwa 1 + z. Galaksi yenye z ya 4.9, mwanga wake hutufikia ukiwa umerefuka mara 5.9. Yenye z ya 16.4, mara 17.4. Kadiri z inavyopanda ndivyo tunavyotazama nyuma zaidi katika wakati.

Kuipata z kuna njia mbili. Ya uhakika ni spektra: mwanga hutandazwa kama upinde wa mvua, mistari ya oksijeni na haidrojeni ikajitokeza, na kwa kuwa maabara zimeshapima mistari hiyo huzaliwa wapi, unasoma tu imehamia wapi. Njia hiyo ni ghali. Inataka saa nyingi za darubini kwa vitu vichache. Njia ya pili ni rahisi: unapiga picha sehemu moja ya anga kwa vichujio kadhaa, kila kimoja kikipitisha kipande chake cha mwanga, kisha unalinganisha mng'ao wa galaksi katika kila kichujio. Ni kama kumsikiliza mtu anayezungumza nyuma ya ukuta. Utajua sauti yake ni nzito au nyembamba, na pengine utamtambua, lakini maneno yenyewe huyasikii.

Kwa galaksi za mbali sana njia hii ya rangi ina alama moja wanayoiamini mno. Gesi ya haidrojeni iliyotapakaa kati ya galaksi za zamani humeza karibu mwanga wote ulio mfupi kuliko mikromita 0.1216. Kwa hiyo galaksi ya mbali huonekana katika vichujio vyekundu, halafu ghafla ikatoweka katika vile vya mawimbi mafupi. Pale inapotowekea ndipo panapokupa z. Ikitoweka kwenye mikromita 2.116, gawanya kwa 0.1216: unapata 17.4, yaani z ya 16.4.

Kilichotokea

Picha za mradi wa CEERS zilikuwa miongoni mwa data za kwanza za Webb kutolewa hadharani, katikati ya Julai 2022, siku chache baada ya picha za maonyesho za tarehe 12. Mradi ulitazama kipande cha anga kinachofahamika vizuri, karibu na kundinyota la Dubu Mkubwa, kwa vichujio 7. Kwa kuwa data zilikuwa wazi kwa kila mtu tangu siku ya kwanza, timu nyingi zilizipakua kwa wakati mmoja na kila moja ikaanza kupepeta makumi ya maelfu ya galaksi ikitafuta zilizotoweka katika vichujio vya mawimbi mafupi.

Kabla Julai haijaisha, timu moja ilichapisha nakala ya awali, ambayo jarida halijaihakiki, yenye orodha ya galaksi za mbali. Iliyoongoza orodha ilikuwa na z inayozidi 16, ambayo hatimaye iliwekwa kwenye 16.4. Katika vichujio viwili vya mawimbi mafupi haikuonekana. Katika kichujio cha mikromita 2 (F200W) ilionekana kwa shida. Kuanzia F277W, chenye kitovu kwenye mikromita 2.77, ikang'aa waziwazi, na kuelekea wekundu zaidi mng'ao wake ukabaki karibu tambarare, kama inavyotarajiwa kwa nyota changa za buluu zisizofunikwa na vumbi. Programu ya kukadiria umbali ililipa jibu la 16.4 uzito mkubwa kabisa na kuacha nafasi finyu sana kwa jibu lolote la karibu.

Haikuwa timu moja tu. Ndani ya wiki chache makundi mengine yaliyofanya kazi kivyao, kwa programu zao, yaliikuta galaksi ileile na kuipa z kati ya 16 na 17. Kwa msomaji wa kawaida hapo mjadala ungekuwa umekwisha. Mashahidi watatu wametoa ushahidi mmoja, unataka nini tena?

Watu walikuwa na sababu ya kusisimka, na sababu hiyohiyo iliwafanya baadhi yao wasite. Galaksi hii ilikuwa inang'aa kupita kiasi. Kwa umri wa ulimwengu wa miaka milioni 235, nyota nyingi kiasi kile zilipaswa kuwa hazijapata muda wa kuzaliwa. Kama z ilikuwa ya kweli, karibu kila kielelezo cha ukuaji wa galaksi kingelazimika kurekebishwa, na wapo waliokwishaanza kuandika namna ya kuvirekebisha.

Agosti ilipofika shaka zilikuwa zimeandikwa rasmi, kutoka pande mbili.

Kundi la kwanza lilikubali kwamba z ya 17 inawezekana, lakini likauliza swali ambalo programu haikuulizwa: galaksi hii inaishi na nani? Walipoangalia, majirani zake watatu wa karibu zaidi angani wote walikuwa na z ya takribani 5 kwa makadirio ya rangi. Galaksi ni vitu vya ukoo, hukaa kwa makundi. Kama galaksi ya z 17 imejipanga kwa bahati tu nyuma ya kikundi cha z 5, ni sadfa ya kushangaza. Kundi hilo likajenga upya mfano wa galaksi ya z 5 yenye vumbi na mistari mikali, likaonyesha kwamba rangi zilezile zinaweza kupatikana.

Kundi la pili lilikuja na ushahidi wa mawimbi marefu zaidi. Lilikuwa na galaksi nyingine katika eneo lilelile la anga. Picha za Webb peke yake ziliipa z ya kama 18, lakini iling'aa katika mawimbi ya milimita yaliyopimwa na mtambo wa antena za redio ulioko milima ya Alps ya Ufaransa. Mawimbi hayo hutoka kwenye vumbi lenye joto, na vumbi jingi namna hiyo halitarajiwi alfajiri ya ulimwengu. Data zote zilipowekwa pamoja, z ikashuka hadi 5.1. Kisha wakatazama mahali ilipo 93316 katika ramani ya zamani iliyochorwa na darubini ya redio ya Hawaii, wakakuta ishara hafifu. Ilikuwa chini ya kiwango ambacho mtu makini angekiita ugunduzi, na wao wenyewe walisema hivyo. Ila ilikuwepo.

Basi kuanzia Agosti 2022 galaksi ikaishi na anwani zake mbili, na hakuna picha ya ziada ya vichujio vilevile ambayo ingeweza kuamua.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuchapisha upesi. Data zilikuwa wazi, kila mtu alijua wenzake wanaona anachokiona, na anayesubiri hakiki ya jarida angeingia sokoni wakati bidhaa imeshauzwa. Pamoja na presha hiyo kulikuwa na hoja ya maana: muda wa mwaka wa pili wa Webb ulikuwa utaombwa miezi michache baadaye, na huwezi kuomba kupima kitu ambacho dunia haijui kipo.

Wengi husema hapa ndipo walipokosea, wakaleta ile methali ya haraka na baraka. Sikubaliani. Nakala ile ya awali ilitoka na mahali pa galaksi angani, mng'ao katika kila kichujio na njia iliyotumika. Ndiyo iliyowawezesha wengine kuipinga ndani ya siku chache. Kama ingefungiwa mwaka mzima hadi ikamilike, shaka nayo ingefungiwa.

Uamuzi wa pili ni wa wale waliochapisha shaka. Hawakuwa na spektra. Walikuwa na majirani watatu na ishara dhaifu ya redio, na wangeweza kunyamaza wakingoja uthibitisho. Walichofanya ni kuandika majibu yote mawili kwa uzito sawa na kutaja kipimo gani kingeyatenganisha. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora katika kisa kizima, kwa sababu waliligeuza bishano kuwa mtihani.

Uamuzi wa tatu ulihusu darubini yenyewe. Mkurugenzi wa kituo kinachoiendesha Webb ana akiba ya muda, isiyozidi asilimia 10, ya kugawa kwa maswali yasiyoweza kungoja duru ya kawaida. Timu ya CEERS iliomba kutoka kwenye akiba hiyo. Kifaa kilichotumika, NIRSpec, kina vijidirisha karibu 250,000 vinavyofunguliwa na kufungwa kimoja kimoja, kwa hiyo kinaweza kuchukua spektra za galaksi nyingi kwa mpigo. Waombaji walitumia nafasi hiyo kwa akili. Katika mkao mmoja waliweka 93316 pamoja na galaksi nyingine iliyosifika, iliyokadiriwa kwa rangi kuwa na z ya karibu 12, pamoja na vitu vingine kadhaa. Jibu lolote litakalotoka kwa 93316, saa za darubini hazingepotea. Na jambo ambalo sijaona likisifiwa vya kutosha: galaksi mbili zilizoteuliwa kwa njia moja zingepimwa kwa kifaa kimoja usiku mmoja, hivyo njia yenyewe ingetahiniwa, na siyo galaksi peke yake.

Matokeo

Mwishoni mwa Machi 2023 NIRSpec ilikusanya mwanga kwa takribani saa 5. Spektra ya 93316 haikuhitaji mtaalamu kuisoma. Mistari ya oksijeni na ya haidrojeni ilisimama wima kama nguzo, yote ikikubaliana kwenye z ya 4.912. Anwani ya kweli: ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 1.2 hivi.

Mwenzake katika mkao uleule alipata z ya 11.44, yaani miaka milioni 390 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, karibu sana na kile rangi zilichotabiri. Njia moja, siku moja. Mmoja kafaulu, mwingine kaanguka. Matokeo yalitolewa hadharani mara moja, na Agosti 2023 yakachapishwa katika jarida kubwa, galaksi mbili zikiwa ndani ya makala moja.

Uchambuzi: sadfa ilivyopangika

Ilikuwaje galaksi ya vumbi ivae sura ya galaksi changa ya buluu? Hapa nitakaa, kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma huishia kwenye "vumbi liliwadanganya," na vumbi peke yake lisingeweza.

Galaksi yenye vumbi huwa hafifu katika mawimbi mafupi na hupanda taratibu kuelekea wekundu. Haitoweki ghafla. Programu za makadirio zinajua hivyo vizuri, na kama 93316 ingekuwa na vumbi tu, mteremko wake ungeonekana katika vichujio vyekundu na ungekamatwa. Kilichotokea ni kwamba mistari ya gesi yake ilikuwa mikali mno, na ilianguka mahali pabaya kuliko pote.

Piga hesabu mwenyewe. Kwa z ya 4.912 kila kitu kinazidishwa mara 5.912. Mstari mkuu wa oksijeni, mikromita 0.5007, unahamia 2.96, katikati ya nusu nyekundu ya F277W. Kichujio hicho kikapandishwa mng'ao, na tofauti kati yake na F200W ikawa kubwa ghafla: ukapatikana mporomoko bandia kwenye mikromita 2.1 na kitu. Kana kwamba hiyo haikutosha, mwanga wa nyota zilizozeeka kidogo nao huwa na ngazi yake kwenye mikromita 0.3646. Zidisha: 2.16. Ngazi ya kweli ikakaa palepale pa mporomoko bandia.

Halafu haidrojeni. Mstari wake mwekundu, 0.6563, unahamia 3.88. Hapo ndipo mwisho wa kichujio cha F356W unapopishana na mwanzo wa F410M, na ukingo wa F444W nao umefika. Mstari mmoja ukavipandisha vichujio vitatu kwa pamoja. F410M ni kichujio chembamba kilichowekwa makusudi kunasa udanganyifu wa aina hii: mstari ukiangukia ndani yake peke yake, hutokeza juu ya majirani zake na mchezo unaisha. Safari hii majirani zake nao walikuwa wamenyanyuliwa, kwa hiyo hakikutokeza. Askari alikuwa kazini. Mwizi alivaa sare ya askari.

Upana wa bahati mbaya hii ni mdogo ajabu. F356W na F410M hushirikiana mstari huo kwa z kati ya takribani 4.9 na 5.1 tu. Kama galaksi ingekuwa na z ya 4.7, mstari ungebaki ndani ya F356W peke yake. Kwa 5.2, ungeingia F410M na kujitangaza. Ikakaa kwenye dirisha hilohilo.

Sasa mtu atauliza: sadfa adimu namna hii, nani angeitarajia? Jibu ni kwamba walikuwa wakiitafuta bila kujua. Ukipepeta makumi ya maelfu ya galaksi na kuokota ile moja yenye rangi za ajabu kuliko zote, hujachagua galaksi ya kawaida. Umechagua ajabu, na ajabu ina asili mbili: kitu adimu kweli, au kitu cha kawaida kilichopatwa na sadfa adimu. Galaksi za z 5 ni nyingi mno kuliko za z 16. Hata kama moja tu kati ya maelfu yake huangukia dirisha lile, inaweza kushinda kwa idadi galaksi halisi za z 16 katika kipande hichohicho cha anga. Hesabu hiyo ilihitaji karatasi na kalamu tu, na ingeweza kufanywa Julai.

Kilichoshindwa

Programu ya makadirio haijibu swali "hiki ni nini?" Hujibu "kati ya violezo ulivyonipa, kipi kinafanana zaidi?" Violezo, yaani mifano ya mwanga wa galaksi iliyoandaliwa kabla, vilivyotumika na wengi vilikuwa na galaksi zenye vumbi, na vilikuwa na galaksi zenye mistari mikali. Vyenye vyote viwili kwa kiwango cha 93316 ama havikuwepo ama vilikuwa vichache. Kwa hiyo ile nafasi finyu iliyobakizwa kwa jibu la karibu ilikuwa kipimo cha upungufu wa kabati la violezo, na wasomaji waliisoma kama kipimo cha ulimwengu.

Makubaliano ya timu mbalimbali yalishindwa kwa sababu hiyohiyo. Timu zilikuwa tofauti, lakini picha zilikuwa zilezile, vichujio vilevile na familia moja ya violezo. Mashahidi watatu waliochungulia kupitia tundu moja la ufunguo ni shahidi mmoja aliyesema mara tatu. Ushahidi wa pili wa kweli ulikuja kutoka kwa majirani na kutoka kwa mawimbi ya redio, kwa kuwa hivyo havikupitia kwenye tundu lile.

Kuna mshukiwa aliyesumbua watu bure. Katika wiki za kwanza kamera ya Webb ilikuwa bado inasawazishwa, na faili za vipimo zilibadilika zaidi ya mara moja. Wakosoaji wengi walielekeza mishale huko. Vipimo vikasahihishwa, baadhi ya galaksi zilizosifiwa zikapoteza nafasi zao, na 93316 ikabaki na z yake ya 16 bila kutikisika. Nadhani jambo hilo liliwapa watu imani kupita ilivyostahili: ilishinda mtihani ambao haukuwa wake.

Na kuna lugha. Katika makala za kitaalamu galaksi iliitwa mtarajiwa mpaka mwisho. Ilipotoka nje ya hapo ikawa "galaksi ya mbali kuliko zote", bila mtarajiwa. Mimi mwenyewe nimewahi kulifuta neno hilo katika sentensi kwa sababu liliifanya iwe nzito, kwa hiyo sina jiwe la kurusha.

Kilichofanya kazi

Uwazi wa data umeshaelezwa. Lakini uwazi peke yake usingetosha kama wenye galaksi wangejifungia. Wengi wa waliodai z ya 16 waliunga mkono upimaji ambao ungeweza kuwaaibisha, na matokeo yalipotoka hakuna aliyejaribu kuyapindisha. Kuweka 16 iliyoanguka na 11.44 iliyosimama katika makala moja kulikuwa na faida nyingine: msomaji hakuondoka akidhani njia ya rangi ni ya kutupwa. Galaksi nyingi za Webb zilizokadiriwa kwa njia hiyo kuwa na z ya 8 hadi 12 zimethibitishwa kwa spektra.

Kilichonishangaza ni nguvu ya hoja ya majirani. Haikuhitaji kifaa kipya wala kielelezo kipya. Ilihitaji mtu ainue macho kutoka kwenye doa moja na kutazama pembeni, na ilitoa jibu sahihi miezi saba kabla ya spektra.

Baada ya hapo

Athari ilionekana Mei 2024, ilipotangazwa galaksi ya z 14.32, miaka milioni 290 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Iling'aa kupita matarajio na ilikaa karibu na galaksi nyingine ya mbele yake. Dalili zote za 93316 zilikuwepo, na timu yake haikuificha shaka hiyo. Ilipigwa picha kwa vichujio vingi vyembamba, ikatafutwa katika mawimbi ya mikromita 7.7, ikachukuliwa spektra, na ndipo ikatangazwa kuwa imethibitishwa. Mwaka 2025 mtambo wa redio wa ALMA nchini Chile ukaona oksijeni yake na kuiweka z kwenye 14.18. Galaksi angavu za mapema zipo kweli. Wale waliokuwa wakirekebisha vielelezo mwaka 2022 kwa sababu ya 93316 walikuwa na kazi halali mkononi, ila walikuwa wameipewa na galaksi isiyohusika.

Na katika kipande kilekile cha anga cha CEERS, mwaka huohuo wa 2025, kimeibuka kitu kingine kinachotoweka katika vichujio vyote isipokuwa vile vya mwisho kabisa upande wa wekundu. Kikipigiwa hesabu ya haidrojeni, z yake inazidi 30. Safari hii wagunduzi wake wenyewe wameandika kwamba kinaweza kuwa galaksi ya karibu yenye vumbi na mistari isiyo ya kawaida, au hata kijinyota baridi kilicho ndani ya galaksi yetu wenyewe.